Nondo mweupe wa madoa mekundu kwenye marejea: ni nani, na je, apuliziwe dawa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninalima mahindi huku Namtumbo, Ruvuma, na msimu huu nusu eka nimeipanda marejea ili udongo upumzike. Yalipoanza kuvaa maganda nikakuta viwavi weusi wenye nywele, mgongoni wana mstari mweupe na alama za rangi ya chungwa. Wanakula majani, wengine wametoboa maganda na kula mbegu. Nikipita shambani wanaruka nondo wadogo weupe wenye vidoa vyekundu na vyeusi, wazuri kama kitenge. Kuku wangu mmoja alidonoa kiwavi, akamtema, akafuta mdomo ardhini. Watoto wanawashika bila woga. Hawa ni wadudu gani? Wana sumu? Watahamia kwenye mahindi? Na nipulize dawa gani?

Jibu: Marahaba, dada. Umeandika kama mtu aliyechuchumaa shambani akatazama, na hilo limenirahisishia kazi. Wengi hunitumia picha ya kitu cheusi kilicho mbali, halafu swali ni moja tu: dawa gani? Wewe umeniletea kiwavi, nondo, mmea wao na kuku aliyetema. Katika hivyo vinne, yule kuku ndiye shahidi wangu mkuu, na nitarudi kwake.

Kwanza nikuondolee wasiwasi. Hao si viwavijeshi. Hindi si chakula chao, na marejea yakiisha hawatageukia mahindi yako. Dawa usipulize, sababu nitakupa. Sumu wanayo kweli, lakini ni ya anayewala, si ya anayewashika. Watoto wanawe mikono kwa sabuni, wasijifikiche macho kwa sababu ya zile nywele, basi. Kiwavi huyu si wa wale wanaowasha hadi mtu akavimba mkono.

Jina lake la kitaalamu ni Utetheisa pulchella. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa nusu ya dunia majina, alimwandika mwaka 1758, na neno pulchella kwa Kilatini ni kama kusema "kirembo". Ulipomfananisha na kitenge ulikuwa umefika alipofika yeye. Yumo katika kundi kubwa la nondo lenye spishi takriban 11,000 duniani, ambalo Wazungu hulipa jina la chui mwenye milia wa Asia, kwa kuwa wengi wao wana milia mikali. Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kundi hili, nami katika mafunzo hutumia "nondo-chui". Huyu wa kwako analistahili kuliko wenzake, maana hana milia, ana madoa, na mwenye madoa ni chui wetu wa huku. (Siku moja nilitangaza semina ya nondo mjini, wakaja mafundi wawili wa ujenzi kuulizia bei. Lugha yetu ina mizaha yake.)

Ili uwe na uhakika kuwa ni yeye, mshike mmoja asubuhi na mapema, umande haujakauka, wakati bado ni mzito. Mabawa yakifunguliwa yote, upana wake ni sentimita 3 hadi 4. Bawa la mbele ni jembamba, jeupe kama maziwa au lenye unjano kidogo, na juu yake vimepangwa vidoa vidogo vyeusi na vidoa vikubwa kidogo vyekundu, vikipishana safu kwa safu. Wekundu huo hutofautiana. Kwa mmoja umekolea damu, kwa mwingine umepauka. Kichwa na kidari vina rangi ya malai, vimedonolewa vidoa vyeusi. Vipapasio ni vyembamba kama uzi. Sasa lifunue taratibu bawa la nyuma, ambalo akitua hulificha: ni jeupe, pana, na ukingoni lina utepe mweusi usio sawa, kama shuka iliyochovywa pindo kwenye wino. Hilo ndilo la kuamulia. Akitua hujikunja mabawa kuuzunguka mwili, akawa kama kijiti kinene chenye madoa, na haruki mpaka umkanyagie karibu. Hapo huruka mita chache tu, kwa haraka haraka, akazama tena kwenye nyasi. Huruka mchana, hasa akikurupushwa, na pia jioni na usiku. Taa ya barazani humvuta kama nondo wengine.

Kwenye marejea hayohayo unaweza kukutana na ndugu zake wawili, ukawachanganya. Mmoja ni wa jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Argina: yeye ni wa rangi ya chungwa, na vidoa vyake vyeusi vimezungushiwa duara jeupe. Viwavi wake nao hutoboa maganda. Wa pili ni Amphicallia bellatrix, mkubwa kuliko wote, mabawa ya chungwa yaliyokatwa kwa mikanda mipana ya buluu-nyeusi. Huyo ana milia kwelikweli, na akipita jua likiwa kali utadhani ni kipepeo. Wote watatu wanaijia jamii ya marejea kwa sababu ileile, na sababu hiyo ndiyo kiini cha jibu langu.

Marejea ni ya jenasi ya Crotalaria. Huko kwenu Ruvuma huna haja ya kuelezwa; wamisionari Wabenedikto wa Peramiho waliyapigia debe kwa wakulima hasa miaka ya 1980, na kazi yao haikupotea bure. Mizizi yake huweka naitrojeni ardhini, hubana magugu, hupunguza minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi. Ila mmea usio na miba wala utomvu wa kuunguza lazima uwe na ulinzi wa namna nyingine. Ulinzi wa marejea ni alkaloidi, kemikali chungu ziitwazo pirolizidini, na zimejaa zaidi kwenye mbegu. Farasi na ng'ombe waliolishwa aina kali za jamii hii wameugua ini hadi kufa, na mbegu zake zimewahi kuua kuku. Mimea mingine isiyo na undugu na marejea hutengeneza kemikali za namna hiyohiyo. Katika mashamba yetu kuna Trichodesma, gugu lenye majani yanayokwaruza kama msasa na maua ya buluu iliyopauka yaliyoinamia chini, na kuna heliotropi, yenye shada la vijiua vilivyojikunja mfano wa mkia wa kinyonga. Ukipata nafasi, kagua magugu hayo. Utamkuta kiwavi wako huko pia.

Yeye haili sumu hiyo kwa bahati mbaya. Anaitafuta. Sisi tukila alkaloidi hizi, utumbo huzibadili zikapenya kwenye damu, zikifika kwenye ini vimeng'enya vyetu wenyewe huzigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania chembe za mwili na kuziharibu. Yaani ini hujiua kwa mkono wake. Viwavi wa nondo-chui wanaoishi kwenye mimea hii wana kimeng'enya cha pekee katika damu. Sumu ikishaingia tu, huifungia katika umbo lisilodhuru, kama kurudisha kisu kwenye ala, kisha huitunza mwilini. Kisu kipo, makali yapo, ila mwenye nacho hakimkati. Atakayekichomoa ni yule atakayemmeza.

Ndiyo habari ya kuku wako. Alidonoa, akaonja uchungu, akatema, akapangusa mdomo. Ndege huhitaji funzo moja tu la namna hiyo, na rangi kali za kiwavi na nondo zipo ili funzo lisisahaulike. Nondo wa kawaida, anayeliwa na kila mtu, huvaa kahawia na kijivu ajifiche kwenye gome. Huyu amevaa nyeupe, nyekundu na nyeusi mchana kweupe, kwa sababu anataka aonekane na atambuliwe.

Kazi nzuri kuliko zote juu ya jambo hili ilifanywa Marekani, kwa ndugu yake wa damu aitwaye Utetheisa ornatrix, mwenye mabawa ya waridi na chungwa. Thomas Eisner, mtaalamu wa wadudu, na mwanakemia Jerrold Meinwald, wote wa Chuo Kikuu cha Cornell, walimfuatilia huko Florida kwa miaka mingi. Walimtupa nondo kwenye utando wa buibui mkubwa. Buibui akaja mbio, akamgusa, akasita, kisha akaanza kukata nyuzi moja baada ya nyingine mpaka nondo akaanguka huru, akaruka zake. Halafu wakafuga viwavi wengine kwa chakula kilichotengenezwa kwa maharage, kisicho na alkaloidi hata chembe. Nondo waliotoka hapo walikuwa na rangi zilezile, madoa yaleyale. Buibui akawala. Kwangu mimi jaribio hilo linatosha: nguvu yote imo kwenye mmea aliokula akiwa mtoto, rangi ni kibao cha mlangoni tu.

Sasa twende kwenye maisha yake tangu mwanzo, na utaona kuwa sumu hiyo inarithishwa kama shamba.

Jike hutaga mayai madogo ya mviringo, ya rangi ya malai, moja moja au kwa vikundi vidogo, mara nyingi upande wa chini wa jani. Geuza majani machache ya juu utayaona, hasa ukiwa na miwani ya kusomea ya babu. Kwa joto la huku huanguliwa baada ya siku chache. Kijiwavi kinachotoka hakina hata urefu wa punje ya ulezi, nacho huanza kukwangua nyama ya jani, kikaacha ngozi nyembamba ya juu kama karatasi ya nailoni. Ukiona madirisha hayo kwenye marejea, ujue watoto wapo.

Kadiri anavyokua hujivua ngozi mara kadhaa, na rangi zile ulizoziona hukolea: mwili wa kijivu kizito hadi mweusi, mstari mweupe mgongoni na mwingine kila ubavu, na kwenye kila pingili alama ya rangi ya chungwa. Nywele zake zimeota mafungu mafungu kwenye vinundu vyeusi, si manyoya mazito ya kumfunika. Akikomaa hufikia kama sentimita 3. Umri wote wa ukiwavi ni wiki mbili hadi nne, kutegemea joto na chakula.

Huko mwishoni ndiko anakoacha majani akahamia kwenye maganda, kama ulivyoshuhudia. Si ulafi. Mbegu ina chakula kingi zaidi na alkaloidi nyingi zaidi kuliko jani, kwa hiyo aliyeingia kwenye ganda amefika ghalani. Kwa yule wa Florida iligundulika hata jambo la kutisha kidogo: viwavi waliokosa alkaloidi huwageukia wenzao, wakala mayai na pupa (kiwavi aliyejifunga akisubiri kugeuka nondo) wenye sumu ili waipate kwa njia ya mkato. Kwa hiyo ukiwaweka wengi pamoja kwenye chupa, usishangae hesabu ikipungua.

Akishiba hushuka, au hubaki kati ya majani makavu yaliyokunjamana, akajifumia kifuko chepesi cha nyuzi. Usitarajie hariri ya kuuzwa. Ni wavu hafifu ambao ndani yake unamwona mwenyewe. Humo hugeuka pupa ya kahawia inayong'aa, na baada ya wiki moja na nusu hivi hutoka nondo. Tangu yai hadi nondo, kwa hali ya hewa ya kwenu, ni kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na kwa kuwa hana msimu maalumu wa kulala, vizazi hufuatana maadamu kuna mmea wa kula. Hiyo ndiyo sababu umeona kiwavi na nondo kwa wakati mmoja: mjomba na mpwa wanapishana shamba moja.

Uchumba wao ndio sehemu ninayoipenda, na hapa naomba univumilie. Jioni jike hutoa harufu, dume huifuata dhidi ya upepo. Akifika hakimbilii. Humpepea, kisha kutoka ncha ya tumbo huchomoza vishungi viwili vya nywele laini na kumpitishia jike karibu na vipapasio. Vishungi hivyo vina harufu ambayo dume ameitengeneza kutokana na alkaloidi alizokula akiwa kiwavi. Asiye na sumu hana harufu, na asiye na harufu mara nyingi hukataliwa. Kwa jenasi hii jambo la harufu lilionyeshwa huko Australia na Culvenor na Edgar mwaka 1972, kisha kundi la Cornell likaeleza maana yake. Jike ananusa mahari kabla hajaipokea, kwa sababu wakati wa kujamiiana dume wa Florida humpa, pamoja na mbegu zake, mfuko wenye chakula na alkaloidi unaoweza kufika zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa mwili wake. Pima kwa mwanamume wa kilo 70 uone anavyojitoa. Jike huitumia sumu hiyo kujilinda, na sehemu yake, pamoja na ile aliyokuja nayo kutoka utotoni, huiweka ndani ya mayai. Sisimizi ni miongoni mwa maadui wa mayai, nao wakiyaonja huyaacha. Yai linazaliwa likiwa tayari limerithi silaha za baba na mama.

Kuhusu anakopatikana: usidhani ni mdudu wa Namtumbo tu. Yupo karibu kote Afrika kusini mwa Sahara palipo wazi, mashambani, kando ya barabara, kwenye mbuga za nyasi. Msitu mnene haupendi. Yupo Afrika Kaskazini na nchi za ukingo wa Mediterania, Uarabuni, hadi Pakistani na India. Msomaji wetu aliye Maskati akitembea kwenye bonde kavu lenye heliotropi baada ya mvua atamkuta huko huko. Ukizidi mashariki, kuelekea Asia ya Kusini-Mashariki na Australia, nafasi yake inashikwa na ndugu zake wanaofanana naye sana, Utetheisa lotrix na Utetheisa pulchelloides, ambao mtu hawezi kuwatenga kwa macho bila kufungua tumbo chini ya darubini.

Kwa mwili ule mdogo, ni msafiri. Upepo wa kusini ukivuma Ulaya, hufika hadi Uingereza, ambako wapenda wadudu humngojea kama wavuvi wanavyongojea jodari. Oktoba 2022 waliingia wengi isivyo kawaida, pwani ya kusini ikajaa habari zao. Wanaofika huko hawadumu, baridi huwamaliza. Huku kwetu hakuna wa kushangaa, ni yule nondo wa marejea tu.

Jambo moja zaidi la Afrika Mashariki, kwa sababu unaweza kulijaribu mwenyewe. Mwaka 1981 Mjerumani Michael Boppré aliandika jinsi mimea ya heliotropi iliyonyauka inavyovuta nondo-chui na vipepeo wa aina fulani hapa Afrika Mashariki. Wadudu wakubwa, waliokwisha kuota mabawa, hujia tawi kavu lisilo na ua wala asali, wakalilowesha kwa mate na kufyonza alkaloidi. Mimi hulitundika fungu la heliotropi iliyokauka kwenye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba. Siku ya pili au ya tatu vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi na nyeupe wanakuwa wamelizunguka, wengi wao madume, na usiku nikipita na tochi nakuta nondo. Jirani aliniuliza kama ni dawa ya wezi.

Tuje kwenye dawa ya shambani. Sikukatazi kwa sababu ya uzuri wa mdudu. Nakukataza kwa sababu pesa yako itapotea. Kama lengo lako ni rutuba, marejea yanatakiwa kufyekwa na kufukiwa yanapoanza kuchanua, wakati shina bado laini na lina naitrojeni nyingi. Ukingoja maganda, shina linakuwa kuni. Kwa hiyo kiwavi anakula mmea ambao ulipaswa kuwa umeshaufukia. Nawe ukipulizia, unalinda majani ambayo kesho utayazika mwenyewe. Zaidi ya hayo, maua ya marejea huchavushwa na nyuki, hasa wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, na dawa haichagui. Kuna pia nyigu wadogo na inzi wanaotaga ndani ya viwavi hawa, maana sumu ile haimzuii kila adui. Ukiwaua hao, kizazi kijacho cha viwavi kitakuwa kikubwa kuliko hiki.

Kama unataka mbegu za msimu ujao, tenga kipande kidogo, tuseme hatua kumi kwa kumi, hicho ndicho ukilinde. Pita asubuhi kila baada ya siku mbili tatu, okota viwavi kwa mkono, uwatumbukize kwenye kopo la maji ya sabuni. Maganda yenye tundu yachume uyachome, maana huenda mla mbegu bado yumo. Yaliyokauka yavune mapema, yakianza tu kulia yakitikiswa, usiyaache yapasuke.

Na huyo unayemwogopea kwenye mahindi, kiwavijeshi vamizi aliyeingia Afrika mwaka 2016, mtofautishe hivi: hana nywele za mafungu, kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vidoa vinne vilivyokaa pembe nne. Ukimwona huyo, niandikie siku hiyohiyo.

Kitu ninachokiogopa kwenye shamba lako si mdudu, ni mbegu za marejea. Ni ndogo, na kwenye uwanja wa kupuria huchanganyika kirahisi na nafaka ndogo kama ulezi na uwele. Wilaya ya Sarguja huko India mwaka 1975 watu waliugua ini na wengine kufa baada ya kula nafaka iliyochanganyika na mbegu za aina moja ya Crotalaria. Gulran, Afghanistan, miaka hiyohiyo ya 1970, ilikuwa ngano yenye mbegu za heliotropi. Najua magharibi mwa Kenya majani ya mitoo, ndugu wa marejea, ni mboga ya tangu mababu, na sisemi neno juu ya mboga ya watu. Nasema juu ya mbegu. Mkeka wa kupuria marejea uwe wake, gunia liwe lake na liandikwe, na mbegu zisizofaa kupandwa usiwamwagie kuku. Yule mmoja amepata somo la kiwavi. La mbegu huenda asipate nafasi ya kulitema.

Watoto, badala ya kuwafukuza, wape kazi. Tafuta chupa ya jemu yenye mdomo mpana, tandika udongo mkavu kidogo na majani makavu, weka kijiti cha kusimama, mtie kiwavi mmoja mkubwa, mmoja tu, kwa sababu niliyokwisha kuisema. Funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu kisicho na dawa, ufunge kwa mpira. Kila asubuhi jani bichi la marejea, na kinyesi kitolewe. Akiacha kula na kuzungukazunguka chini, msimguse tena. Andikeni tarehe kwenye chupa. Nondo atatoka akiwa na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kibichi, atapanda kile kijiti, ataning'inia, na mabawa yatajaa na kunyooka mbele ya macho yao. Mwachieni jioni, kwenye kile kipande cha mbegu.

Na kama badala ya nondo atatoka inzi mwenye vinywele vigumu mgongoni, msidhani mmekosea. Alitangulia kuwamo ndani ya kiwavi kabla watoto hawajamwokota. Huyo msimwachie, mnitunzie kwenye kiberiti.